Gari la Mashuka Linatikisika

Asubuhi, ua wa Mama Mashuka huwa mweupe. Mashuka yananing'inia kwenye kamba kutoka ukuta wa jikoni mpaka nguzo ya bafu. Anayetaka kupita lazima ainame. Wageni huinama kwa adabu. Watoto wake hupita mbio, naye huwafokea.

"Mikono hiyo mmenawa?"

"Tumenawa, mama."

"Basi piteni mbali. Shuka jeupe halifichi uongo."

Kazi yake ni kufua mashuka ya nyumba za wageni. Hufua, huanika, hupiga pasi na kukunja. Kisha huyapanga ndani ya gari lake na kuyapeleka mwenyewe. Wenye nyumba za wageni wanampendea jambo moja: hachelewi. Akisema mashuka yatafika asubuhi, yatafika asubuhi.

Gari lenyewe ni la zamani. Lilikuwa la bluu. Sasa bluu imebaki sehemu chache zilizokataa kubanduka. Kiti cha dereva kimeshonwa kwa uzi wa magunia. Lakini linawaka kila asubuhi, na ni lake. Alilipata kwa kazi ya mikono yake. Kuendesha alijifunza akiwa mtu mzima, watu wakimcheka. Walicheka mpaka wakachoka, yeye akaendelea kuendesha.

Basi gari hilo likaanza kutikisika.

Mwanzo usukani ulitetemeka kidogo mikononi, kama mtu anayesikia baridi. Mama Mashuka akadhani ni ubovu wa barabara. Lakini hata kwenye lami safi, usukani ulitetemeka. Akiongeza mwendo, unaanza. Akipunguza, unatulia. Baadaye ulitetemeka kwa nguvu zaidi, hata mabunda ya mashuka yakawa yanaanguka kule nyuma.

Mumewe ni seremala, mtu mpole asiyependa kelele za watu. Za randa na nyundo anazivumilia. Alipoambiwa habari ya gari, alijibu, "Tumsubiri kaka."

Huyo ni kaka yake mkubwa. Mama Mashuka humwita Shemeji, na sisi tumwite hivyo hivyo. Shemeji aliendesha malori kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Katika familia ile, likitajwa gari, watu wote hunyamaza na kumtazama yeye. Hata akisema upuuzi, huonekana ni upuuzi wa mtu mwenye uzoefu.

Kila Jumapili Shemeji huja kula chakula cha mchana. Akishashiba, hutoka nje na spana ya tairi. Hakuna anayemwomba. Hutegesha spana kwenye nati, hupanda juu yake kwa miguu yote miwili, hushika paa la gari, na kuruka. Ndiyo, kuruka. Hurukaruka hapo mpaka nati ipige kelele. Watoto hupiga makofi.

"Hivi ndivyo tulivyokaza malori," husema akifuta jasho. "Mikono ni ya kupigia pasi."

Cha ajabu, ilisaidia. Jumatatu gari lilitulia. Jumanne lilitulia. Ikifika Alhamisi usukani unaanza tena, na Ijumaa gari zima linacheza ngoma.

"Mnaona?" Shemeji alisema Jumapili moja, watu wakiwa mezani. "Mimi nikiligusa, linapona. Shemeji yangu huyu akiliendesha, linaugua. Sasa ugonjwa uko wapi hapo?"

Watu wakacheka. Seremala akatazama sahani yake.

"Sema wewe, Shemeji," Mama Mashuka akamjibu. "Uko wapi?"

"Uko mikononi mwako. Unaingia kwenye mashimo, unakanyaga breki ovyo. Na gari lenyewe limezeeka. Nimepata mtu wa kulinunua. Jumapili ijayo nitakuja naye, utanipa ufunguo, tumalize mambo kwa amani. Mashuka utayapeleka kwa mkokoteni."

"Ufunguo ni wangu."

"Familia imeshaamua."

"Familia gani? Mimi niko hapa hapa mezani, na sijaamua kitu."

Watoto waliacha kutafuna. Shemeji akatabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Shemeji yangu, uzee hauna tiba."

"Uzee si ugonjwa," Mama Mashuka akasema. "Wewe mwenyewe umezeeka, na hatujakutafutia mnunuzi."

Watoto wakacheka, wakanyamazishwa. Shemeji hakucheka. Alisema, "Jumapili," akatoka akarukia spana yake kama kawaida, kisha akachukua kofia akaondoka.

Mama Mashuka aliosha vyombo kwa hasira, masufuria yakagongana. Hasira yake ilikuwa ya haki. Mkokoteni ukikutana na mvua moja tu, mashuka yatafika na matope, na wenye nyumba za wageni watatafuta mfuaji mwingine. Zaidi ya hapo, hakutaka kuitwa dereva mbovu kwa kosa ambalo hakuna aliyelichunguza.

"Mke wangu," seremala akamwambia polepole, "labda tumpe tu. Kaka anajua magari."

"Anajua kuruka. Kama ni mikono yangu, nitajua wiki hii. Kama si mikono yangu, mtajua ninyi."

Wiki ile aliendesha gari kama amebeba trei ya mayai. Alikwepa kila shimo. Breki aliikanyaga taratibu. Madereva walimpigia honi, naye akawaacha wapige. Jumatatu gari lilitulia. Jumanne na Jumatano vilevile. Alhamisi asubuhi, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake, na alipokata kona akasikia kitu kikigonga upande wa kushoto.

Hapo moyo wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Ulifurahi, kwa sababu sasa alijua kosa si lake. Na uliogopa, kwa sababu ule mlio haukuwapo zamani.

Alirudi nyumbani polepole, akaenda moja kwa moja kwa jirani.

Jirani huyo ni mwalimu wa udereva. Siku hizo alikuwa nyumbani kwa likizo ya uzazi. Tumbo lilikuwa kubwa na miguu imevimba. Kukaa bure kulimchosha kuliko kazi. Alimsikiliza Mama Mashuka huku akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Huyo shemeji yako amelikagua gari?" akauliza.

"Amelikaza."

"Sikuuliza kama amelikaza. Amelikagua?"

Mama Mashuka akafikiri. "Hapana. Hurukia spana, basi."

"Basi anatoa dawa bila kumpima mgonjwa. Haya, tumpime. Huo mtetemo ukianza, unausikia wapi zaidi? Mikononi au makalioni?"

Mama Mashuka akaangua kicheko.

"Mimi sichekeshi," Mwalimu akasema. "Ukiusikia kwenye usukani, mara nyingi shida iko kwenye magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti, anza kuangalia ya nyuma."

"Mikononi."

"Wakati gani?"

"Nikiongeza mwendo. Leo hata nikienda polepole kuna kitu kinagonga kwenye kona. Upande wa kushoto."

Mwalimu akaacha kujipepea. "Ukikanyaga breki, mtetemo unazidi?"

"Hauzidi sana. Upo tu, nikanyage nisikanyage."

"Ingekuwa breki peke yake, ungeusikia ukikanyaga. Sasa nijibu swali kubwa. Lilianza lini? Usiniambie siku nyingi. Kabla halijaanza, gari lilifanyiwa nini?"

Mama Mashuka akahesabu wiki kwa vidole. "Tairi la mbele kushoto lilipata pancha. Shemeji akaja kulifungua. Lilikuwa limeng'ang'ania kwa kutu, akaligonga kwa nyundo mpaka likatoka. Lilipozibwa, akalirudisha. Mimi aliniambia niingie ndani, jua kali."

"Halafu?"

"Halafu..." Akamtazama Mwalimu. "Halafu ndipo lilipoanza."

"Na kila akikaza, linatulia siku chache, kisha linarudi."

"Hivyo hivyo."

"Dada, nati iliyokazwa vizuri haifunguki kwa siku chache. Ikifunguka, kuna kinachoifungua. Tairi likiwa zito upande mmoja, gari hutikisika pia, lakini hapo kukaza nati hakusaidii kitu. Lako linasaidiwa na kukazwa. Kwa hiyo tunaanzia kwenye nati. Na leo huendeshi tena."

"Nina mashuka ya kupeleka."

"Na una watoto wa kulea. Tairi likichomoka njiani, halichagui litakayempiga."

Mama Mashuka hakupenda. Lakini ubishi si ujinga. Aliita mkokoteni, akafunika mashuka kwa turubai, akatembea kando yake kwenye vumbi mpaka mjini. Alifika amechelewa. Aliomba radhi kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile.

Mchana alirudi, akavaa suruali ya kazi. Mwalimu alikuwa ameshajiweka uani, juu ya beseni lililogeuzwa.

"Mimi leo ni mdomo tu," akasema. "Mikono ni yako. Nikiinama hapa, nitazalia hapa hapa."

Seremala alirudi kutoka karakana na kuwakuta hivyo. Akatazama spana, akatazama mkewe. "Kaka atasema nini?"

"Atasema anachopenda. Tuletee vipande viwili vya mbao, uvibane kwenye tairi la nyuma, mbele na nyuma yake, gari lisitembee."

Seremala akasimama kidogo. Kisha akaenda kuvileta.

"Gari liko mahali tambarare," Mwalimu akaanza. "Vuta breki ya mkono. Tia gia. Usishike jeki bado. Tazama kwanza. Macho hayana gharama."

Mama Mashuka akachuchumaa. Alipapasa tairi kuona kama lina uvimbe au limelika upande. Halikuwa na uvimbe. Akachungulia kama kuna tope limegandia ndani ya rimu, maana hilo nalo huweza kulitikisa gari. Hakukuwa na tope. Kisha akaziona nati. Kutoka kwenye baadhi yake, michirizi ya kutu nyekundu ilikuwa imeshuka juu ya rimu.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni nati inayocheza. Chuma kinasagana na chuma, unga wake unatoka nje. Sasa tia spana, tairi likiwa bado chini."

Nati ya kwanza ilizunguka kwa vidole tu, kabla ya spana, kama kifuniko cha chupa. Ya pili vilevile. Mama Mashuka akageuka kuitazama barabara. Asubuhi ile ile alipita na gari hilo mbele ya shule, watoto wakiwa wanavuka.

Nati nyingine ilikuwa kinyume kabisa. Ilikazwa mpaka ikakataa kutoka, seremala akalazimika kusaidia kuvuta.

"Hiyo ndiyo faida ya kuruka," Mwalimu akasema. "Moja inakaza kupita kiasi, nyingine haikazi. Bolti inavutwa kila Jumapili mpaka inachoka. Iko siku inakatika. Haya, zote zimelegea kidogo? Sasa jeki. Iweke penye chuma kinene pembeni, si kwenye bati. Na laza tairi la akiba chini ya ubavu wa gari. Jeki ikiteleza, gari liangukie tairi, lisiangukie mguu. Usiingie chini hata kama umeangusha pete yako ya ndoa."

"Hasa pete ya ndoa," Mama Mashuka akasema. Seremala akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka wiki ile.

Gari likainuka. Nati zikatoka. Mama Mashuka akavuta tairi kwa mikono miwili, na safari hii halikung'ang'ania hata kidogo. Lilitoka upesi. Nyuma yake, pale chuma cha rimu kinapokutana na chuma cha gari, palikuwa na kitu cheusi cha mviringo. Akakibandua. Kilikuwa mpira uliokatwa kwa mkasi kutoka kwenye tyubu kuukuu. Umebonyea, umechanika ukingoni.

"Huu umetoka kiwandani?" akauliza.

"Hautoki kiwanda chochote duniani," Mwalimu akasema.

Seremala akakohoa. "Aliuweka kaka."

Mama Mashuka akageuka taratibu. "Ulijua?"

"Nilimshikia mkasi. Alisema mpira utazuia kutu, tairi lisigande tena. Nilidhani ni ujanja wa madereva wa malori. Sikujua kama ni vibaya, mke wangu. Ningejua, ningesema."

"Ungesema? Kwa kaka yako?"

Seremala akainama kuokota nati. Alijua jibu, na lilimtia aibu yeye mwenyewe.

"Sikilizeni wote wawili," Mwalimu akasema. "Hapo panataka chuma kwa chuma. Hapawekwi mpira, wala kitambaa, wala karatasi. Mpira hubonyea. Unakaza leo, kesho umebonyea zaidi, nati zimebaki hazina cha kubana. Tairi linaanza kucheza, usukani unatetemeka. Jumapili anakuja mtu, anakaza, mnampigia makofi."

"Ni sawa na kukaza bawaba ya mlango juu ya godoro," seremala akasema, akiutazama mpira.

"Umenifundisha mfano. Nitautumia darasani."

Mama Mashuka aliketi chini, mpira mkononi. Kwanza alicheka. Kisha machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Wiki nyingi alikuwa ameitwa dereva mbovu mbele ya watoto wake. Na mpira ulikuwa umekaa pale muda wote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mwishowe. Akainuka. "Haya, Mwalimu. Tunaendelea."

Walisugua kutu kwa msasa wa seremala mpaka chuma kikang'aa. Mama Mashuka alizungusha nati kwenye kila bolti kwa vidole, kuona kama meno yake ni mazima. Yalikuwa mazima. Lakini tundu moja la rimu lilikuwa limelika na kupanuka.

"Rimu hiyo imemaliza kazi," Mwalimu akasema. "Usiihurumie. Weka tairi la akiba, kama lina upepo na lina ukubwa sawa."

Akaliweka. Akaanza nati zote kwa vidole kabla ya kushika spana. Alipotaka kukaza moja mpaka mwisho, Mwalimu akamzuia.

"Kaza kidogo, kisha nenda kwenye nati iliyo upande wa pili. Usizunguke kama saa."

"Ndivyo tunavyobana meza," seremala akasema. "Ukimaliza upande mmoja kwanza, mbao inainuka upande wa pili."

Kabla ya kushusha gari, Mama Mashuka alishika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Halikucheza. Akashika kulia na kushoto. Halikucheza.

"Lingecheza wakati nati zimekaza, ningekuambia shida iko ndani zaidi, kwenye beringi au kwenye viungo vya usukani, na hapo tungeita fundi," Mwalimu akaeleza. "Shusha gari. Ukaze mara ya mwisho likiwa chini, kwa mkono, kwa spana hiyo hiyo. Kesho ukishaendesha kidogo, simama ukaze tena. Halafu mpitie fundi, apime ukazaji kwa spana yake ya kupimia na aliwekee tairi balansi, uzito wake ulingane pande zote. Mimi nina mdomo, yeye ana mashine."

Ijumaa Mama Mashuka alifanya yote hayo. Fundi alipima, akaweka balansi, akasema gari liko sawa. Kwenye barabara kuu usukani ulitulia mikononi mwake kama mtoto aliyeshiba. Mashuka yalifika kwa wakati. Lakini Jumapili ilikuwa bado inakuja.

Shemeji alifika na mnunuzi, mtu mwembamba mwenye miwani ya jua. Hakungoja hata chakula. Alichukua spana, akaelekea kwenye gari. "Nalikaza kidogo, mgeni aone lilivyo likiwa limetulia."

Mama Mashuka akasimama mbele ya tairi.

"Hulikazi, Shemeji."

"Nini?"

"Hurukii kitu hapa leo. Wala siku nyingine." Akauweka ule mpira juu ya boneti. "Nimeutoa mwenyewe. Nati zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Alhamisi nimepita hivyo mbele ya watoto wa shule. Nimeendesha wiki nzima nikikwepa mashimo yote, na zililegea vilevile. Haikuwa mikono yangu."

Shemeji akautazama mpira. Shingo yake ikawa ngumu. "Huo ni ujanja wangu. Nimekaa barabarani kabla hujajua gia ni nini."

"Kweli. Na mimi nimekaa kwenye usukani huu wiki zote ulizokuwa unaniita mbovu. Panda. Uone mwenyewe."

"Nipandishwe gari na mwanamke, mbele ya mgeni?"

Hapo seremala akatoka mlangoni. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini haikutetemeka.

"Kaka, panda."

Shemeji alimgeukia mdogo wake kana kwamba kiti kimesema. Seremala hakutazama chini. Basi Shemeji akauchukua ule mpira, akapanda kiti cha mbele, mnunuzi akakaa nyuma, Mwalimu akawapungia mkono kutoka mlangoni kwake.

Mama Mashuka alitoka getini, akapita mtaani, akaingia barabara kuu. Aliongeza mwendo mpaka pale usukani ulipokuwa ukianza kutetemeka. Shemeji aliegemea mbele akisubiri. Hakuna kilichotetemeka. Wakapita kona ya kushoto. Hakuna kilichogonga.

"Mzee, si ulisema linatikisika?" mnunuzi akauliza. "Hili nalitaka kweli kweli."

"Haliuzwi," Mama Mashuka akasema.

Alisimama pembeni mahali papana, akashuka, akapitisha spana kwenye nati zote. Zilikuwa palepale alipoziacha. Aliporudi, Shemeji alikuwa amenyoosha mkono.

"Nipe ufunguo, niwarudishe mimi."

"Hapana, Shemeji. Nilikuja naendesha na nitarudi naendesha. Ufunguo huu hutaushika tena bila mimi kutaka."

Alingoja ugomvi. Haukuja. Shemeji alikuwa ameushika ule mpira mapajani, anaugeuza, na uso wake umebadilika rangi.

"Nati zilizunguka kwa vidole, ulisema?"

"Kwa vidole."

"Shemeji, tyubu ile nilikata vipande viwili."

Mama Mashuka akahisi hasira yake yote imesimama. "Cha pili kiko wapi?"

"Kwenye gari la binti yangu."

Binti yake ni mkunga. Hospitali yake iko juu ya kilima, na barabara ya kushuka kutoka huko ina kona kila mahali. Shemeji alitoa simu, vidole vikakosea namba. Mama Mashuka akaichukua, akapiga yeye. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena.

"Baba, ndiyo natoka kazini, nimeshawasha gari."

"Ni mama yako mdogo. Lizime. Usisogee hata kidogo. Tunakuja."

"Endesha, shemeji," Shemeji akasema kwa sauti ndogo. "Tafadhali, endesha."

Walimshusha mnunuzi kituoni, wakapanda kilima. Binti alikuwa amesimama kando ya gari lake na sare ya kazi, amekunja uso. Mama Mashuka akachuchumaa, akashika nati ya tairi la mbele. Haikuhitaji spana. Aliizungusha kwa vidole viwili huku Shemeji akiangalia, na Shemeji akaketi kwenye ukingo wa njia.

Hakukaa muda mrefu. Aliinuka, akatafuta mawe ya kuzuia magurudumu, akaleta jeki. Mama Mashuka akamwambia pa kuiweka, akaiweka. Mpira ukatoka. Matundu ya rimu yalikuwa bado mazima. Wakasugua kutu, wakarudisha tairi, Mama Mashuka akakaza huku na kule, kidogo kidogo, kwa mkono.

Wakunga wenzake binti walikuwa wamekuja kutazama. Binti akamtazama baba yake, kama walivyozoea wote kumtazama likitajwa gari.

"Baba, sasa ni salama?"

Shemeji akageuka kumtazama Mama Mashuka.

"Muulize mama yako mdogo," akasema.

"Bado," Mama Mashuka akasema, akifuta mikono. "Utaendesha polepole mpaka pale chini kwenye kona, mimi nyuma yako. Tutasimama, tutakaza tena. Hapo ndipo nitakujibu."